Utepe Usio na Mwenyewe

Siku unapofungwa kwenye mche wa podo, utepe wa plastiki huonekana kutoka mbali: mwekundu, wa chungwa au wa waridi, rangi zilizochaguliwa kwa kuwa hazifichiki kwenye kijani cha msitu. Jua la mlimani huupausha taratibu, lakini fundo hubaki imara. Mche hunenepa, utepe haulegei, gome huvimba juu ya fundo, na chakula kinachoshuka kutoka majanini kwenda mizizini hubanwa pale pale. Ncha zinazoning'inia hukauka, hukatika, huanguka. Plastiki yenyewe, mara nyingi PVC, haiozi. Humeguka tu kuwa vipande vidogo zaidi. Kutoka miteremko ya Mlima Elgon vipande hivyo vina njia mbili za kusafiri: maji ya mto Suam, yanayoingia Turkwel hadi Ziwa Turkana, na vijito vinavyolisha Nzoia, unaopita Webuye ukielekea Ziwa Viktoria.

Huko Marekani na Kanada ugomvi wa tepe ni wa wawindaji. Mtu huingia katika msitu wa umma kabla ya alfajiri, hufunga tepe mti kwa mti kutoka barabarani hadi mahali pake pa kuvizia, na msimu ukiisha huondoka zake na kuziacha zikipepea. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inaharamisha hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Kwa hiyo upande wa Kitale na Bungoma suala hili lina sura nyingine. Mwenye kufunga utepe hapa si mwindaji wa leseni, maana hayupo. Ni mwongoza wageni, mwandaaji wa mbio, mtafiti wa mimea, mpima ardhi. Na pembeni yao, kwa siri, yuko jangili, ambaye naye ana alama zake.

Tuwakalishe basi watu sita katika hoteli ya chai karibu na stendi ya Kitale, birika la chai ya maziwa katikati na sahani ya mandazi. Hawana majina, kwa kuwa kila mmoja amebeba msimamo wa wengi walio nyuma yake. Yupo kijana anayeongoza wageni kutoka Endebess. Yupo mama wa chama cha jamii cha kuhifadhi msitu, aliyetoka upande wa Kaberwa, kaunti ya Bungoma. Yupo mzee wa jamii ya Waogiek, mfuga nyuki wa Chepkitale. Yupo mwalimu wa Kitale anayeandaa mbio za milimani, binti mtafiti wa mimea, na askari wa wanyamapori aliyestaafu, ambaye wote wanaendelea kumwita Afande.

Kijana ndiye anayeanza, na anaanza kwa ukali, kwa kuwa anajua wenzake wamekuja kumshtaki. "Mnazungumzia plastiki. Mimi nazungumzia mtu. Mgeni anaingia lango la Chorlim asubuhi jua likiwaka. Saa nane ukungu umeshuka, humwoni mwenzako aliye hatua kumi mbele. Kwenye mianzi njia za nyati ni pana na safi kuliko zetu. Mgeni akishika ya nyati, amepotea, na pengine atakutana na mwenye njia. Utepe mmoja pale penye njia panda unaokoa maisha. Mnataka niuache nyumbani?"

Hoja yake si ya kupuuzwa. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1968, ina kilomita za mraba 169 tu upande wa Kenya, lakini imeshikana na msitu wa akiba uliotengwa tangu 1932 na nyanda za juu zinazovuka hadi Uganda. Kilele cha Koitobos kina mita 4,222. Anayepanda hupita miti mikubwa ya teki ya Elgon, podo na mierezi, kisha mianzi, kisha mbuga baridi yenye lobelia na seneso kubwa, na huko juu hakuna mti wa kukupa mwelekeo. Simu yenye ramani husaidia hadi baridi inapomaliza betri. Watu wachache hupanda Elgon wakilinganishwa na wanaopanda Mlima Kenya, na njia isiyokanyagwa mara kwa mara humezwa na nyasi ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Mama anamwacha amalize, kisha anauliza jambo moja. "Mwanangu, ukishawarudisha wageni wako, huzifungua?"

Kijana anasita. Baadhi huzifungua. Nyingine huziacha kwa safari ijayo.

"Na safari ijayo ukipitia njia nyingine?"

Hapo ndipo mjadala unaposhika moto. Mama anaeleza kwamba ng'ombe wa wanachama wake huchungwa msituni kwa kulipia kibali cha Huduma ya Misitu, na ng'ombe hachagui: kinachoning'inia kwenye kichaka pamoja na majani hutafunwa pamoja na majani. Si hofu tupu. Madaktari wa mifugo walikuwa wakikuta plastiki kwenye matumbo ya ng'ombe katika machinjio ya Nairobi, na ushahidi huo ulikuwa sehemu ya hoja zilizoifikisha Kenya kwenye marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017, ambayo adhabu yake inafika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Kisha tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zikakatazwa katika mbuga za taifa, misitu, fukwe na maeneo mengine ya hifadhi. "Pale langoni chupa yangu ya maji inazuiwa," anasema mama, "na wewe unapita na kilo nzima ya plastiki mfukoni."

"Marufuku inataja chupa, vikombe, sahani, vijiko na mirija," kijana anajitetea. "Utepe haukutajwa."

Utetezi huu ni dhaifu, na inafaa kusema hivyo wazi. Chupa hukatazwa kwa sababu hutumika mara moja ikaachwa. Utepe uliofungwa kwa safari moja ukaachwa umefanya hivyo hivyo, tena umefungwa kwa fundo ili usiondoke. Anayetafuta nafasi kati ya maneno ya tangazo anajua moyoni kwamba lengo la tangazo linamhusu.

Mwalimu anaingilia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hili. Mlima huu ni nchi ya wakimbiaji: Ben Jipcho, aliyeshinda medali ya fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alikuwa mtoto wa Elgon, na Linet Masai, bingwa wa dunia wa mita 10,000 mwaka 2009, ni wa huko pia. Vijana wanaowafuata wanataka mbio za njia za msituni, si za lami tu, na mbio za aina hiyo haziendeshwi bila alama. Mkimbiaji aliyechoka hasomi ramani. Anatafuta rangi. "Lakini sisi," anasema, "tuna wafagiaji. Wa mwisho kabisa katika njia si mkimbiaji, ni mtu mwenye gunia, anafungua kila utepe uliofungwa jana yake."

"Anazifungua zote, Mwalimu?" anauliza Afande.

"Zikihesabiwa zilipokuwa zinafungwa, zitahesabiwa zinapofunguliwa."

"Zilihesabiwa?"

Mwalimu anakubali kwamba mara nyingi roli hukatwa kwa kukadiria. Mfagiaji naye hufika mwisho giza limeingia na mvua inanyesha, na kona moja yenye matope huachwa hivi hivi. Ndiyo maana katika mbio nyingi duniani waandaaji wameanza kutumia vibendera vyenye kijiti au kibanio, vinavyorudi ghalani na kutumika tena mwaka unaofuata. Kitu chenye thamani hukumbukwa. Utepe ni rahisi mno, na urahisi wake ndio unaomfanya mtu asiurudie.

Kijana anapendekeza unga. Ameona klabu za wakimbiaji wa Hash, desturi iliyoanza Kuala Lumpur mwaka 1938, wakimwaga unga au vipande vya karatasi kuonyesha njia. Mezani wote wanakunja uso kwa pamoja. Trans Nzoia ndiyo ghala la mahindi la Kenya, na kumwaga unga chini mbele ya mama aliyekaa foleni ya kuununua ni tusi. Tena mvua ya Elgon ya mchana itauosha kabla mkimbiaji wa tatu hajapita. Chokaa kidogo kwenye jiwe, anasema mwalimu, labda. Karatasi hapana.

Afande anaweka kikombe chini. Yeye ana jambo ambalo wengine hawakuwa nalo mezani.

Alama ya msituni, anasema, humwambia habari kila anayepita, na haichagui wa kumwambia. Kwa miaka ya kazi yake alijifunza kusoma alama za majangili: nyasi mbili zilizosokotwa pamoja, tawi lililovunjwa likaachwa likining'inia kwa gome, chale ndogo ya panga chini ya goti ambapo mtu aliyesimama haioni. Jangili anahitaji kurudi kwenye tego lake, kwa hiyo lazima aweke alama, lakini alama yake anaisoma yeye peke yake. Kijana wa Endebess anapofunga utepe kutoka barabarani hadi kwenye njia ya tembo, anamfanyia jangili kazi ambayo jangili mwenyewe angeogopa kuifanya waziwazi.

Mfano anaoutoa ni mapango. Kitum ni pango linaloingia takriban mita 200 ndani ya mlima, na tembo wa Elgon huingia humo usiku, gizani, wakipapasa njia kwa mikonga, kuchimba mwamba wenye chumvi kwa pembe zao. Hakuna kwingine duniani ambako tabia hii imejulikana hivyo. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwapunguza vibaya, na waliobaki walijifunza kumwogopa mtu. Njia za kwenda Kitum na pango la Makingeny zinajulikana na zina vibao, na Afande hana neno nazo. Neno lake ni kwa zile njia ndogo ambazo tembo huzitumia kuja na kuondoka. "Ukizifunga utepe," anasema, "umezifungua kwa kila mtu."

Kisha anatoa mfano wa kitu ambacho, kwake, ndicho utepe halisi wa jangili wa Elgon: waya. Kitanzi kilichokatwa kutoka kebo ya breki ya pikipiki, ncha moja imefungwa kwenye mzizi, nyingine imezungushwa hadi upana wa kichwa cha swala. Nyuzi za chuma zimesukwa pamoja na zimeota kutu, lakini kitanzi bado kinateleza vizuri. Aliyekitega anaweza kuwa amekamatwa, amehama, au amesahau chale yake ya panga iko mti upi. Tego halimsubiri. Linanasa swala, linanasa ndama wa mama wa Kaberwa, linanasa mguu wa tembo mchanga. Mnyama akinasa na hakuna anayekuja, anakufa kwa siku nyingi na nyama inaoza hapo hapo.

Kimya kinapita mezani. Mtu anaweza kuuliza waya wa jangili unahusiana vipi na utepe wa mwongoza wageni mwaminifu. Unahusiana, na hapa ndipo makala haya yanaposimama. Madhara ya vitu hivi viwili hayalingani hata kidogo. Waya unaua, utepe unachafua. Lakini chanzo ni kimoja: mtu ameweka kitu katika ardhi ya wote kwa haja yake ya siku moja, haja ikaisha, kitu kikabaki kikifanya kazi bila mwenyewe. Utepe uliosahauliwa bado unasema "pita hapa". Mgeni anayepita baada ya mwaka hajui kama unaelekea kileleni, kwenye kiwanja cha utafiti kilichofungwa, au kwenye korongo ambalo daraja lake lilisombwa na maji. Usalama ule ule alioutaja kijana unageuka hatari mikononi mwa mtu mwingine.

Binti mtafiti anakubali, lakini hataki wote wawekwe kapu moja. Mtafiti hawezi kuingia hifadhini bila leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ruhusa ya mamlaka ya wanyamapori. Anapoweka kiwanja cha kudumu cha kupima ukuaji wa miti, hapigi utepe. Anapigilia kibati cha alumini chenye namba, kwa msumari unaobaki umechomoza ili mti upate nafasi ya kunenepa, na namba hiyo iko kwenye daftari lenye jina lake na la taasisi yake. "Mtu akikuta kibati changu anaweza kunitafuta," anasema. "Akikuta utepe wa kaka yangu hapa, amtafute nani?"

Kijana anamrudishia. "Na utafiti ukiisha, dada, pesa zikikauka, vibati mnavirudia?"

Binti hana jibu la haraka, na hilo linahesabika. Miradi huisha. Mfadhili huondoka, mwanafunzi hupata shahada yake akaenda mjini, na vibati hubaki vikimezwa na gome. Daftari lenye jina ni mwanzo mzuri, lakini halina mikono ya kupanda mlima.

Analolijua vizuri zaidi binti huyu ni rangi. Anawaonya wasifikirie kubadilisha utepe kwa rangi ya kupaka kwenye mashina. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inaharamisha kuiga alama ambazo maofisa wa misitu huziweka kwenye mazao ya msitu, kwa sababu nzuri: mti wenye alama unaweza kuchukuliwa kuwa umeidhinishwa kukatwa. Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, na Rais Ruto akatangaza kuondoa katazo hilo Julai 2023. Katika hali kama hiyo, doa jekundu kwenye shina la mwerezi ni mwaliko kwa mwenye msumeno wa moto. Hata mwenye nia njema hatakiwi kulipaka.

Mzee wa Chepkitale amekuwa akisikiliza, fimbo yake katikati ya magoti. Wanapomgeukia hazungumzii plastiki kabisa.

"Mimi nikiona utepe kwenye mti," anasema, "siulizi njia inakwenda wapi. Nauliza nani anataka kunihamisha."

Kwa msomaji wa mbali kauli hiyo inahitaji historia, na historia yenyewe ni ya karibu. Watu wa Chepkitale walianza kuhamishiwa makazi ya Chebyuk, chini zaidi mlimani, mwaka 1971. Ugawaji wa ardhi hiyo ulirudiwa awamu baada ya awamu, wapima wakija na vigingi na kamba zao, waliopata wakinyang'anywa na wasiopata wakiahidiwa. Kutokana na awamu ya tatu, mwaka 2006, kundi la SLDF (Sabaot Land Defence Force) lilishika silaha. Machi 2008 jeshi likaingia mlimani. Waliouawa, walioteswa na waliopotea wakati huo, mikononi mwa kundi hilo na mikononi mwa askari, bado wanaliliwa katika nyumba za Kopsiro na Cheptais. Kabla ya hapo, mwaka 2000, Chepkitale yenyewe ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama. Waogiek walikwenda mahakamani, na Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ikawapa ushindi dhidi ya hatua hiyo.

"Ninyi mnasema ardhi ya umma," mzee anaendelea. "Katiba mmeisoma?"

Afande ameisoma. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaweka misitu ya serikali, hifadhi za wanyama na vyanzo vya maji katika ardhi ya umma. Kifungu cha 63 kinaweka katika ardhi ya jamii zile ardhi za mababu na zile zilizokaliwa kwa jadi na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Mlima ni mmoja na vifungu ni viwili, na Chepkitale iko mahali vinapogusana. Anayefunga utepe bila kuuliza ameshajibu, bila kujua, kwamba hakuna wa kuulizwa.

"Lakini Mzee, hata ninyi mna alama," kijana anasema, kwa adabu safari hii.

"Tunazo. Mzinga ni alama. Ukiuona juu ya mti unajua ukoo gani uko hapo, na unajua kuna mtu atakuja. Ndege mlembe naye anatuongoza. Anaita, tunamfuata hadi kwenye asali, tunamwachia sehemu yake. Hajafunga kitu kwenye mti."

"Mimi na mgeni wangu hatuwezi kuusoma mzinga, Mzee."

"Basi mchukue anayeusoma. Mlipeni."

Hili lina uzito kuliko linavyosikika. Utepe, kwa kweli, mara nyingi huchukua nafasi ya mtu. Mwandaaji hufunga tepe ili asilipe waelekezaji wa kusimama kwenye njia panda. Mwongoza wageni hufunga ili aweze kurudi peke yake asimlipe mwenyeji wa Kapsokwony au Laboot. Upande wa Bungoma, ambako njia ya Kimilili hupandia, vijana wanaoijua mbuga ya juu hata usiku wapo, na kazi ya kuongoza ni chache. Kuwalipa wanne wasimame penye njia panda nne siku ya mbio ni gharama, lakini ni gharama inayobaki kijijini, na jioni wanarudi nyumbani kwa miguu yao wenyewe bila kuachwa kwenye mti.

Mama anaongeza mfano wa jirani. Mashariki kidogo ya Kitale iko Hifadhi ya Taifa ya Saiwa Swamp, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa majini anayetembea kwenye tope kwa kwato ndefu zilizopanuka. Ina kilomita za mraba zisizofika tatu na huingii kwa gari. Wageni hufuata madaraja ya mbao juu ya kinamasi na kupanda minara ya mbao kutazama. Hakuna anayehitaji utepe, kwa kuwa njia yenyewe ndiyo alama. Hata Jumba la Makumbusho la Kitale, lililofunguliwa mwaka 1974 hiyo hiyo, lina njia ya kutembea katika kipande cha msitu wa asili uliosalia kando ya kijito, na watoto wa shule huipita bila kupotea.

"Saiwa ni bustani, Mama," anasema kijana. "Elgon ni mlima. Mbao nitazipandisha na nini?"

Ana haki. Mbao huoza, na daraja bovu ni hatari kuliko kutokuwa na daraja. Juu ya mianzi, ambako hakuna miti, wapandaji duniani kote hutumia mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine, na kwa mbuga ya Koitobos hilo linafaa mradi yapangwe mahali pachache, na wanaohusika wajue ni wapi. Kwa msituni, pale ambapo njia panda ni ya kudumu, kibao cha mbao chenye nguzo yake chini ardhini, si kwenye mti hai, kinatosha. Kinachobaki ni safari za siku moja na mbio, na hapo utepe, kama lazima uwepo, uwe wa nyuzi za mbao, ule unaooza kwa miezi. Upo sokoni nje ya nchi, bei yake ni ya juu kidogo. Hata huo ufunguliwe. Kuoza kusiwe ruhusa ya kuacha.

Jambo moja lingebadilisha mengi kwa gharama ndogo, na Afande ndiye anayelitaja: daftari la langoni. Mgeni anaandikwa anapoingia na anapotoka, gari linaandikwa, hata mbwa angeandikwa kama angeruhusiwa. Roli ya utepe nayo iandikwe. Nani ameingia nayo, ameifunga wapi, ataifungua lini. Aweke amana ya fedha, arudishiwe akileta tepe zake. Asipozileta, amana hiyo ilipe kikundi cha mama kwenda kuzifungua, na katika safari hiyo hiyo wakikuta waya, waripoti askari waje kuutoa. Kila utepe uandikwe kwa kalamu jina la kundi na tarehe. Usio na jina ung'olewe na yeyote anayeukuta, bila swali.

Mwalimu anakubali papo hapo. Kijana anakubali akitaka kwanza kujua amana ni kiasi gani. Binti anauliza kama vibati navyo vitaandikwa, na mama anamwambia kwamba vitaandikwa, tena na tarehe ya mwisho.

"Langoni Chorlim nimeelewa," anasema mzee. "Huku kwetu Chepkitale lango liko wapi?"

Hakuna anayeharakisha kujibu. Afande angependa daftari likae kituo cha misitu cha Kaberwa. Mzee anasema hapana, likae kwa wazee wa Chepkitale, maana mahakama ya Bungoma ilikwisha sema na wao ndio wanaojua nani amepanda. Mama anaona kwamba wanachama wake hawatapanda siku nzima kufungua tepe za wengine kwa amana ya kitabu ambacho hawakishiki. Mwalimu, ambaye anataka njia ya mbio inayoanzia Kapsokwony na kupita sehemu zote mbili, yuko tayari kuandika jina lake katika madaftari mawili na kulipa amana mara mbili mwaka wa kwanza, ili mbio zifanyike kiangazi cha Januari. Kijana anasema mara mbili ni nyingi kwa mtu anayeongoza wageni wawili kwa wiki, na anataka waongoza wageni watengewe kiwango chao. Mzee anaita chai nyingine, na wanaanza kuzungumza viwango.